Kina Mwishoni, Ngeli Mwanzoni: Ushairi wa Kuwafundisha Watoto Nomino

Mashairi mengi yanayotungwa ili kuwafundisha watoto nomino ni orodha. Mtunzi huchukua majina ya vitu vya darasani, vya jikoni na vya shambani, akayapanga ili silabi za mwisho zifanane, kisha akafunga ubeti kwa kuwaambia watoto kwamba hayo yote ni nomino. Watoto huimba kwa furaha, mwalimu akaridhika, na kipindi kikaandikwa kuwa kimefundishwa. Nimeandika ubeti mmoja wa namna hiyo ili tuutazame pamoja:

Meza, kiti na kabati,
Chaki, ubao na shati,
Ndizi, embe na chapati,
Nomino, shika kwa dhati.

Kwa kanuni za ushairi, ubeti huu hauna kosa. Kila mshororo una mizani nane, kina cha -ti kimeshikwa toka mwanzo hadi mwisho, na vitu vilivyotajwa mtoto anavijua vyote. Lakini humo ndani mna nomino tisa kutoka ngeli nne. Meza, chaki, ndizi na chapati ni za I-ZI. Kabati, shati na embe ni za LI-YA. Kiti ni cha KI-VI. Ubao ni wa U-ZI. Ubeti haumwonyeshi mtoto hata tofauti moja kati yake. Ataukariri neno kwa neno, kisha atoke nje wakati wa mapumziko amwambie mwenzake, "Kiti yangu imevunjika."

Nomino ya Kiswahili haifundishwi kwa kutajwa tu, kwa sababu haikai peke yake. Ikishaingia kwenye sentensi hutawala kila neno linaloifuata. Kitabu changu kizuri kimepotea: maneno manne, na yote manne yanabeba alama ya ngeli moja. Mtoto anayejua kwamba kitabu ni jina la kitu, lakini hajui kwamba kitabu huita changu, kizuri na kimepotea, amejifunza fasili ya nomino bila kuijua nomino yenyewe. Fasili ile ya "jina la mtu, mnyama, kitu au mahali" inamfaa mtahini anayetaka jibu la mstari mmoja. Msemaji inamsaidia kidogo sana.

Hata majina tunayozipa ngeli siku hizi yanatuambia jambo hilo hilo. Vitabu vya zamani, kikiwemo cha sarufi cha Ashton kilichotoka mwaka 1944, vilizigawa nomino kwa kuangalia kichwa cha nomino yenyewe: M-WA, M-MI, KI-VI, na kadhalika, kwa kufuata njia ya wataalamu wa lugha za Kibantu wa tangu karne ya 19 kama Wilhelm Bleek na baadaye Carl Meinhof. Vitabu vya shule vya leo vinaangalia upatanisho: mti unaanguka, miti inaanguka, basi ngeli ni U-I. Hiyo U na hiyo I hazimo ndani ya neno mti wala miti. Zimo ndani ya kitenzi. Kwa hiyo ubeti usio na kitenzi, wala kiashiria, wala kimilikishi, hauwezi kumfundisha mtoto ngeli ya U-I hata ungeimbwa vizuri namna gani, maana kinachofundishwa hakimo ndani yake.

Nasema haya kwa kuwa nauamini ushairi. Kufundisha kwa beti hatukuanza sisi wala hatukukuazima juzi. Mwana Kupona binti Mshamu alipotaka kumwachia binti yake wosia mwaka 1858, aliutunga kuwa utenzi wa mizani nane nane ili ukae kichwani. Sarufi nayo ina historia yake katika beti: Ibn Malik, aliyefariki Damascus mwaka 1274, aliipanga sarufi ya Kiarabu katika beti zipatazo elfu moja, ile Alfiyya ambayo jina lake si geni kwa waliosoma nahau ya Kiarabu katika vyuo vya pwani. Na miaka ya 1960 Mathias Mnyampala alipoziendeleza ngonjera, zilipokewa shuleni Tanzania, watoto wakasimama wawili wawili au makundi kwa makundi wakijibizana kwa vina. Tunayo hazina hiyo. Tatizo ni kwamba tunapowatungia watoto wa darasa la kwanza na la pili beti za nomino, tunachukua vina na mizani tu, tukaacha kuuliza sikio la mtoto linasikiliza wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kina cha Kiswahili hukaa mwishoni mwa neno. Ngeli hukaa mwanzoni. Sikio la msikilizaji wa shairi limezoezwa kungoja silabi ya mwisho wa mshororo, ilhali alama anayopaswa kuisikia mtoto imo katika silabi ya kwanza: ki, vi, li, ya, wa, zi. Mtunzi asiyeliona hilo atatoa ubeti unaomvuta mtoto mbali na kile anachotaka kumfundisha. Atakayeliona atagundua kwamba lugha imemwandalia njia, na njia yenyewe ni vimilikishi.

Vimilikishi vyote vya nafsi ya kwanza umoja huishia kwa -angu. Changu, vyangu, langu, yangu, wangu, zangu: mwisho ni ule ule, mwanzo ndio unaobadilika. Mtunzi akiweka kimilikishi mwishoni mwa mshororo, kina kinajitengeneza chenyewe na mtoto anabaki na kazi moja tu, ya kuchagua sauti ya mbele:

Kiti hiki kiti changu,
Jembe hili jembe langu,
Mti huu mti wangu,
Nguo hii nguo yangu.

Na wingi wake:

Viti hivi viti vyangu,
Majembe haya ni yangu,
Miti hii miti yangu,
Nguo hizi nguo zangu.

Hesabu mizani, ni nane nane, ukikumbuka kwamba ile m ya mti ni silabi kamili inayojitegemea, tofauti na m ya mbuzi ambayo imeungana na b. Tazama pia viashiria. Hiki, hili, huu, hii: kila kimoja kimebeba sauti ya ngeli yake, kwa hiyo mtoto anaisikia alama kwenye kiashiria kisha anaisikia tena kwenye kimilikishi. Kiti hiki, changu. Jembe hili, langu. Mstari mfupi namna hiyo unaligusa somo mara mbili au tatu kabla mtoto hajavuta pumzi.

Darasani ubeti huu haufai kuandikwa ubaoni kwanza. Vitu viletwe. Kiti kipo. Jembe la bustani ya shule liletwe liwekwe mbele. Mti unaonekana dirishani, na nguo ni kanga iliyokunjwa juu ya meza ya mwalimu. Mtoto anayesema mshororo anakwenda kukishika kitu chenyewe, na wenzake wanaurudia kwa makofi akiwa bado amekishika. Kwa mti ananyoosha kidole. Ubeti ukishazoeleka, mwalimu anabadilisha kitu kimoja kwa kingine. Anaondoa kiti, anaweka kikombe, anauliza: sasa tunasemaje? "Kikombe hiki kikombe changu" unazidi mizani, na watoto watalisikia hilo kabla ya kuelezwa, kwa sababu makofi yao yatapishana na maneno. Hapo wapewe kiunzi cha pili, cha nomino za silabi tatu: "Kikombe hiki ni changu." Mkeka huu ni wangu. Kabati hili ni langu. Sahani hii ni yangu. Zote mizani nane.

Kuanzia hapo wanaotunga ni watoto. Wanatafuta nomino ya silabi mbili, wanaiingiza kwenye kiunzi cha kwanza. Ya silabi tatu, kwenye cha pili. Wakati huo huo wanahesabu silabi kwa makofi, na hiyo ni stadi ile ile wanayoihitaji wanapojifunza kusoma, kwa kuwa watoto wetu husomeshwa kwa kuunganisha silabi. Mwalimu wa Tanzania anayefundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili hahitaji kuomba kipindi cha ziada kwa ajili ya ushairi. Akipima mizani amefundisha silabi, na silabi ndizo anazotakiwa kuzifundisha.

Lakini ubeti huu wa -angu una udhaifu, na ni lazima mtunzi aujue. Vina na mizani haviulindi. Mtoto akisema "Kiti hii kiti yangu", mizani ni nane zile zile na kina ni kile kile. Shairi linabaki shairi, kosa likiwa ndani yake salama salimini. Kinachomrekebisha ni mwangwi wa ki-ki na masikio ya mwalimu. Mwalimu akiwa na watoto wengi kuliko anavyoweza kuwasikiliza mmoja mmoja, kosa litapita katikati ya sauti za darasa zima.

Dawa yake ni kuihamisha alama ya ngeli hadi mahali ambapo kina kinailinda. Viashiria vya karibu vinaliruhusu hilo, kwa sababu silabi yao ya mwisho ndiyo yenye ngeli: hi-ki, hi-li, hi-vi, hi-zi, ha-wa, ha-ya. Ukiweka kiashiria mwishoni mwa mshororo, kina na ngeli vinakuwa kitu kimoja:

Karibu sana, rafiki,
Ukalie kiti hiki,
Kivunjike? La, sitaki,
Kingine hakipatiki.

Sasa jaribu kuimba "Ukalie kiti hii." Kina kimevunjika, na mtoto aliyekwisha kuuzoea ubeti atashtuka mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Ubeti umekuwa mlinzi wa sarufi. Mishororo miwili ya mwisho nayo haikuwekwa kujaza nafasi. Kivunjike na hakipatiki zinampa mtoto kiambishi cha ki ndani ya kitenzi, mara moja katika kutaka na mara moja katika kukanusha, na kingine inampa neno ambalo watoto wengi wa mjini hulikosea, wakasema "kiti ingine".

Ngeli ya LI-YA inakubali njia hiyo hiyo, na kwa bahati njema Kiswahili kina maneno tele yanayoishia kwa -li:

Jua hili, jua kali,
Limetoka huko mbali,
Linang'aa mara mbili,
Nalipenda jua hili.

Kuna jambo dogo hapa ambalo halionekani haraka. Kivumishi kali hakina kiambishi. Kisu ni kikali, mwiba ni mkali, jua ni kali tu. Katika ngeli hii kivumishi cha umoja mara nyingi huja kitupu, ilhali kitenzi kinasema li. Mtoto aliyefundishwa kwamba "ngeli ya LI-YA huchukua li" atasema "jua likali", na atakuwa ameitii kanuni aliyopewa. Ubeti unamwepusha na mtego huo kwa kumpa kali na limetoka mfululizo, bila maelezo yoyote.

Hilo linanileta kwenye mpangilio, jambo ambalo vitabu vingi hulipita kwa haraka. Desturi ni kuanza na A-WA kwa kuwa ni ngeli ya watu. Mimi ningeanza na KI-VI. Kiti hiki kimoja kizuri kimevunjika: isipokuwa pale ki inapokutana na irabu ikawa ch, kama katika changu na cha, alama haibadiliki kuanzia nomino hadi kitenzi. Linganisha na mti huu mmoja mzuri umeanguka, ambapo nomino na vivumishi vina m lakini kiashiria na kitenzi vina u. Linganisha na nguo hii moja nzuri imechanika, ambapo kila neno linakuja na sura yake. Mtoto anahitaji kwanza ngeli moja itakayomfanya aamini kwamba maneno husikilizana. KI-VI inampa imani hiyo waziwazi. Akishaipata, atavumilia ngeli ambazo usikivu wake ni wa kufichika.

Sababu ya pili inatokana na namna watoto wanavyosema nyumbani na mitaani, hasa katika miji ya Kenya kama Nairobi na Nakuru. Tukisikiliza kwa makini "kiti yangu", "jembe ingine", "hii kitu" na "vitu zingine", tunaona kwamba mtoto hakosei ovyo. Ana mfumo. Amevivuta vitu vyote visivyo na uhai kwenye I-ZI, na huko amezishika sauti zake sawasawa: hii, yangu, ingine, zingine. Anayetunga beti za kumsaidia mtoto huyo asianze na I-ZI, maana ndiyo pekee aliyonayo tayari. Kazi ya ubeti ni kuzitoa humo nomino za KI-VI, kisha za LI-YA, kisha za U-I, moja moja, hadi I-ZI ibaki na zilizo zake kweli. Na tufanye hivyo bila kumkejeli mtoto kwa lugha ya mtaani kwao. Mtoto anayechekwa kwa kusema "kiti yangu" hujifunza kunyamaza, na aliyenyamaza hafundishiki lugha.

Vilevile mwalimu ajue lugha ya kwanza ya watoto wake. Mtoto anayesema Kikuyu, Kisukuma au Kiganda ana ngeli kichwani tangu utotoni. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba Kiswahili kina mpango wa jamaa moja na ule wa kwao, ingawa sauti na mipaka hutofautiana. Mtoto wa Kijaluo hana mfumo huo katika lugha ya nyumbani, na kwake beti zirudiwe zaidi, vitu vishikwe zaidi, na haraka ipunguzwe. Uganda, ambako baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, ina watoto wa aina zote mbili. Kitabu kimoja cha beti kikipelekwa sawasawa kwa wote kitawafaa wengine na kuwaacha wengine.

Ngeli ya A-WA ndiyo inayonipa raha kubwa kuitungia, kwa sababu ndani yake mna wazo ambalo mtoto mdogo analipenda: uhai unashinda umbo la neno. Kiboko, kifaru, kipepeo na kinyonga ni maneno yanayoanza kwa ki, na bado hayakai na kiti na kijiko. Mtoto aliyekwisha kuizoea KI-VI atashtuka, na mshtuko huo ni nafasi ya kufundisha ambayo haifai kupotezwa kwa maelezo marefu. Ubeti unatosha:

Kiboko yumo mtoni,
Kikombe kimo jikoni,
Kifaru yuko porini,
Kijiko ki sahanini.

Hapa mwanzo wa kila mshororo ni ki, na mwisho wa kila mshororo ni ni. Kinachobadilika kiko katikati: yumo, kimo, yuko, ki. Mnyama, kitu, mnyama, kitu. Wakauimbe kwa vitendo, upande mmoja wa darasa ukisema mishororo ya wanyama na wa pili ukisema ya vitu, halafu wabadilishane. Baada ya hapo waulize tu: kwa nini kiboko hakusemwa "kimo"? Watoto watajibu kwa maneno yao kwamba kiboko anapumua, au anatembea, au anakula. Hayo ndiyo majibu sahihi, na wameyafikia wenyewe. Kwa wanaotaka kwenda mbele, mtoni, jikoni na porini zimekwisha kuufungua mlango wa PA-KU-MU, ila mlango huo ni wa madarasa ya juu na sina haraka nao.

Kuna kundi moja la nomino ambalo ningewashauri watunzi waliache kabisa katika beti za mwanzo, nalo ni la jamaa. Mama anakuja, lakini mama yangu. Rafiki amefika, lakini rafiki yangu, na wakiwa wengi, rafiki zangu. Hali mtoto ni wangu na mwalimu ni wangu. Kitenzi kinafuata A-WA, kimilikishi kinafuata I-ZI. Watunzi hupenda kuanza na mama na baba kwa sababu ni maneno matamu kwa mtoto, bila kutambua kwamba wamemwanzishia pagumu. Mwacheni aseme "mama yangu" kama alivyoisikia nyumbani, maana anasema sahihi, na msiifanye kuwa mfano wa ngeli mpaka misingi imekaa.

U-ZI ni ngumu kwa namna nyingine, kwa kuwa nomino yenyewe hubadilika sura ikiingia wingi. Hapa naona mtindo wa kujibizana, ule wa ngonjera na wa vitendawili, unafaa kuliko ubeti wa kuimba pamoja. Mwalimu anatoa umoja, watoto wanarudisha wingi, nusu mshororo kwa nusu mshororo:

Uso huu — nyuso hizi,
Uzi huu — nyuzi hizi,
Ufa huu — nyufa hizi,
Wimbo huu — nyimbo hizi,
Wembe huu — nyembe hizi.

Nimezichagua kwa makusudi. Zote huchukua ny katika wingi, kwa sababu shina lake ama ni la silabi moja, kama -so, -zi na -fa, ama linaanza kwa irabu, kama -imbo na -embe. Mtoto hatajiwi sababu hiyo. Analisikia kundi na sikio lake linakisia. Siku nyingine apewe kundi la pili, linaloiacha u ikadondoka tu: ukuta na kuta, ukucha na kucha, ufunguo na funguo. Siku ya tatu apewe yale yanayogeuka zaidi, ulimi na ndimi, ubavu na mbavu, ubao na mbao. Kosa la beti nyingi nilizozisoma ni kuyachanganya makundi yote matatu katika ubeti mmoja kwa kuwa tu maneno yamepata kina. Sikio haliwezi kukisia kanuni katika mchanganyiko huo. Linabaki kukariri neno moja moja.

Neno kwa watunzi wenzangu. Ushairi wetu unampa mtunzi uhuru wake: inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, tabdila ya kubadili sauti, na ule wa kuboronga sarufi ili maneno yakae kwa mpangilio wa vina. Amri Abedi alipoandika kanuni zake za kutunga mashairi, zilizochapishwa mwaka 1954, alikuwa akiwaandikia watunzi na wasomaji waliokwisha kuijua lugha. Msomaji mzima akikutana na "changu kiti" anajua utaratibu wa kawaida na anafurahia ukiukaji wake. Mtoto wa miaka saba hana utaratibu wa kawaida wa kuurejea. Anachokisikia katika ubeti anakichukua kuwa ndiyo lugha. Kwa hiyo katika beti za nomino uhuru huo ufungwe. Mshororo ukikataa kutimia mizani bila kuligeuza neno, mshororo ubadilishwe, neno libaki lilivyo. Ni kazi ngumu kuliko kuwatungia watu wazima, na inastahili malipo na heshima sawa.

Wachapishaji nao wana sehemu yao. Kenya ilianza mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini mwaka 2019, na Tanzania ilianza kutekeleza mtaala mpya Januari 2024. Mabadiliko ya namna hii huleta vitabu vingi kwa mkupuo, na vinaandikwa mbio. Mhariri anayepokea ubeti wa kufundisha nomino aupitie kwa maswali machache kabla ya kuupeleka kwa mchoraji. Kuna kitenzi, kiashiria au kimilikishi kinachoipatanisha nomino? Ubeti unashughulikia ngeli moja, au kama ni nyingi, tofauti yake inasikika? Mtoto akikosea ngeli, kuna kitu ndani ya ubeti kitakachomwambia? Kisha auchukue ubeti huo, akae na mtoto wa umri unaohusika, amsomee kwa sauti mara mbili, na mara ya tatu asite kabla ya neno la mwisho. Mtoto akilijaza mwenyewe kwa usahihi, ubeti upigwe chapa. Akibaki kimya, urudi kwa mtunzi.

Mwalimu unayesoma safu hii, usingoje vitabu hivyo. Chukua kiunzi cha "Kiti hiki kiti changu", ni chako na hakina mwenyewe. Kesho ingia darasani na vitu vinne vya ngeli nne tofauti, waache watoto wavishike wakitunga, na uyaandike kwenye daftari lako makosa utakayoyasikia. Makosa hayo ndiyo yatakayokuambia ubeti wa wiki ijayo uwe wa ngeli ipi.